Kinga Imeshuka

Jirani Roselyn anasema alimwona Echodu kwa macho yake mawili, amechuchumaa nyuma ya lori la mafuta na mtungi wa njano, kama mtu anayekama ng'ombe wa wenyewe. Anasema mpira ulikuwa umeshaingizwa kwenye tenki, petroli inachuruzika, halafu mwenzake akawasha sigara. "Puu! Mimi nilikuwa naosha vyombo, sufuria ikaniruka mkononi." Ameisimulia hivyo kwa muuza omena, kwa watu wa boda, kwa mwenye ploti, na kila akirudia, mtungi unazaa. Mara ya mwisho ilikuwa mitungi mitatu.

Hakuna aliyemuuliza aliona vipi, ingawa kati ya karo la ploti yao na ile gereji ya Malaba kuna ukuta wa mabati na vyoo.

Echodu ni fundi wa kuchomelea. Siku ile aliitwa azibe ufa kwenye tenki la lori lililokuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Foleni ilikuwa imeanza kusonga, na dereva aliona nafasi yake inapotea. "Limeoshwa hilo, boss. Tupu kabisa. Gonga usikie." Echodu aligonga na nyundo, tenki likalia tupu. Kila fundi pale anajua tenki tupu ni baya kuliko tenki lililojaa, kwa sababu mafuta yakitoka, mvuke unabaki. Echodu pia alijua. Lakini alikuwa amekaa tangu asubuhi bila kazi, na fundi mwingine alikuwa tayari anakuja huku anakokota nyaya zake. Akashusha kinyago usoni, akawasha. Kinyago ndicho kilichookoa uso. Shingo, kifua na mikono vilienda na moto.

Asio, mke wake, alijaribu mara moja kumsahihisha Roselyn. Roselyn akamshika bega, akasema, "Najua, dada. Hata mimi ningekuwa na mume ningesema hivyo." Basi Asio akaacha. Alikuwa na mgonjwa Busia, na mtoto mgongoni, na mdomo wa jirani aliuona kama inzi: unampunga, anarudi.

Hospitalini walimlaza Echodu chini ya chandarua kilichoinuliwa kwa vyuma ili kisimguse. Asio alifika kila asubuhi na uji na mayai ya kuchemsha, maana aliambiwa mtu aliyeungua anakula kwa ajili ya ngozi. Mtoto Mitchelle hakuruhusiwa kuingia wodi. Alibaki kwenye nyasi na bibi yake Benedetta, mama ya Echodu, aliyetoka Amukura na mkeka wake na rozari yake na hakutaka kurudi. Walipishana mlangoni, mmoja akiingia, mwingine akitoka kubeba mtoto. Katika siku zile za mwanzo walikuwa wanapatana. Benedetta alimmenyea Asio mayai ya mgonjwa na kumlazimisha ale moja, "wewe unanyonyesha".

Asubuhi fulani alikuja msichana anayeitwa Yvonne na chupa zake ndogo zenye vifuniko vya zambarau. Hakuwa wa hospitali hasa. Alikuwa wa utafiti. Walitaka kujua mwili wa mtu aliyeungua unapiganaje, nini kinapanda ndani ya damu na nini kinashuka. Asio ndiye aliyekubali mumewe aingizwe humo, kwa sababu Yvonne alisema majibu yatamfikia daktari haraka kuliko ya maabara ya kawaida.

"Sista, leo utanibakishia?" Echodu alimuuliza wakati sindano inatafuta mshipa mguuni.

"Mimi si sista. Mimi ni wa utafiti."

"Basi mtafiti, ukiuza hiyo damu ukanunua nyama, niletee supu."

Yvonne akacheka. Hata mzee wa kitanda cha pili, aliyevunjika paja, akacheka. Asio aliinamisha kichwa juu ya bakuli asionekane analia, kwa furaha, maana lilikuwa neno la kwanza la mzaha tangu moto.

*

Daktari Vitalis alikuwa kijana mwenye macho mekundu, na wagonjwa walimpenda kwa sababu hakupigia mtu kelele. Alipita na wanafunzi wake siku ambayo pembeni ya kitanda walikuwa wamejaa. Benedetta ameshika beseni. Asio ameshika kitambaa. Paulinus, kaka mkubwa wa Echodu, alikuja moja kwa moja kutoka mazoezi ya kwaya, kofia mkononi. Na Roselyn alikuwa amekuja kuona mgonjwa, na ndizi mbivu kwenye mfuko.

"Jumanne tunampeleka thieta," daktari alisema. "Tutatoa ngozi kwenye paja, tupandikize hapa kifuani na mikononi. Lakini atapoteza damu, na benki yetu ya damu iko karibu kukauka. Nataka ndugu waje watoe. Si lazima damu yenu ifanane na yake. Mkitoa, tunabadilishana na iliyopo."

"Hiyo si neno, daktari," Paulinus akasema. Ana sauti nzito ya mtu anayeimba besi, na wodi nzima ilimsikia. "Jumamosi naleta kwaya nzima. Huyu ni damu yangu. Mtatutoa mpaka mseme basi."

"Amina," Benedetta alisema.

Daktari akafungua karatasi za Yvonne. Alizungumza Kiingereza na wanafunzi, haraka haraka, na wao wakaandika. Halafu akaona nyuso za watu wa nyumbani, zinamtazama tu. Alikuwa na roho nzuri. Akageuka ili nao waelewe.

"Kinga yake imeshuka sana," aliwaambia kwa Kiswahili. "CD4 ziko chini mno. Ndiyo maana sitaki kuchelewa."

Akahamia kitanda cha pili.

Benedetta aliweka beseni chini polepole, kama ambaye amesahau alikuwa anataka kulifanyia nini. Paulinus aliitazama kofia yake. Nje, mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia, wakakisikiliza mpaka kikaisha mbali.

Mahali hapa, mtu akisema kinga imeshuka, hahitaji kumaliza. Ni maneno yaliyokuja na redio na mikutano ya chifu, miaka ile watu walikuwa wanazikwa kila Jumamosi. Benedetta aliwahi kuambiwa maneno hayo hayo kuhusu mwanawe wa kwanza, Ekisa. Kinga imeshuka, mama. Wakati huo dawa zilikuwa hazijafika Amukura. Alimwosha Ekisa mpaka akabaki mifupa, akamzika nyuma ya nyumba, na tangu hapo, maneno hayo kwake yalikuwa na maana moja tu.

Roselyn ndiye aliyesogea kwanza. Alimpita Asio, akamkumbatia Benedetta.

"Pole, mama," alimnong'oneza. "Pole sana."

*

Asio alipotoka kwenda kunyonyesha alimkuta Benedetta ameketi kwenye mkeka, mtoto amemfunga kwa leso kifuani, mafundo mawili.

"Nipe nimnyonyeshe, mama. Saa yake imepita."

"Utamnyonyesha nini?"

"Maziwa, mama."

"Maziwa ya nani?"

Asio alicheka kidogo, akidhani ni utani ambao hajaelewa. Benedetta hakucheka.

"Kwanza upimwe," alisema. "Huyu hana kosa. Sitaki kuzika mtu mwingine nikiwa naangalia."

"Mama, mtoto analia."

"Nasikia. Mimi si kiziwi."

Watu wengine waliokuwa wanakula kwenye nyasi wakageuza macho, kisha wakayarudisha kwenye sahani, kisha wakayageuza tena. Asio alisimama pale huku maziwa yanamtoka yenyewe kwa kilio cha mtoto, gauni linalowa mbele ya watu, na hakuwa na hata leso ya kujifunika. Leso ilikuwa ndiyo ile iliyomfunga mtoto.

Alienda kupimwa. Chumba kilikuwa mwisho wa varanda, na kijana wa ushauri, Austine, alikuwa mpole. Alimchoma kidole, wakasubiri, mstari mmoja ukatokea.

"Uko sawa, dada. Huna virusi." Kisha akaongeza lile analomwambia kila mtu, wa ndoa na asiye wa ndoa, sista wa kanisa na turniboi wa malori: "Lakini kama kuna mahali ulijiweka kwa hatari siku za karibuni, urudi baada ya miezi mitatu tuhakikishe."

Asio alirudi mbio kwenye nyasi. "Sina, mama. Nimepimwa, sina."

Benedetta hakuwa mjinga. Alikaa miaka mingi kwenye kikundi cha akina mama waliotunza wagonjwa, na mafundisho yote aliyashika.

"Alikwambia urudi?"

Mwanamke mwingine angedanganya. Asio hakuwahi kujizoeza.

"Aliniambia."

"Baada ya miezi mingapi?"

"Mitatu. Lakini wanaambia kila—"

"Basi baada ya miezi mitatu utamnyonyesha."

Jioni hiyo Benedetta alipanda gari la Amukura na mtoto.

*

Malaba, habari ilifika kabla ya Asio. Alikuwa akiuza chai na chapati asubuhi, kwa madereva waliolala kwenye foleni, kabla ya kwenda hospitali. Alianza biashara hiyo kabla ya moto, na sasa ndiyo iliyonunua mayai. Siku iliyofuata, dereva aliyemzoea, mtu wa Nakuru, alisimama mbali kidogo na jiko.

"Mama Mitchelle, leo nipe tu chai. Chapati imeniumiza tumbo."

"Jana ulikula nne."

"Ndiyo zilizoniumiza."

Turniboi wake akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Chapati zile Asio alizibeba hospitalini, na mzee wa paja lililovunjika alizila zote. Yeye hakuwa anatoka Malaba.

Kwenye karo, Roselyn alimfuata akiwa ameshika kikombe. "Dada, mimi sijamwambia mtu. Nataka ujue hivyo. Lakini siku hizi dawa ziko, za bure. Mtu ananenepa hata kuliko mimi. Aibu ya nini?"

"Roselyn, mume wangu ameungua."

"Si nimekuona ukiungua naye? Ndiyo nasema. Halafu na hii kazi yako ya madereva, usiku wa manane..."

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Hiyo si bado giza?"

*

Echodu alikaa na jambo hilo kama mtu anayekaa na jiwe kwenye kiatu. Wodi ilijua. Mama yake hakuonekana tena, na alipouliza mtoto yuko wapi, Asio alisema amepelekwa kijijini asipate baridi. Siku ya tatu alikataa uji. Aligeuza uso, kijiko kikamgusa shavu.

"Asio."

"Mm."

"Ni madereva?"

Alishika kijiko pale pale hewani. Uji ulidondoka kwenye shuka.

"Nataka tu kujua," Echodu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiye na mkono wa kujifutia machozi. "Sitakufukuza. Nitakufukuza na mikono gani? Sema tu. Uliniletea?"

Asio aliweka kijiko kwenye bakuli. Akapangusa uji kwenye shuka, akapangusa shavu lake, akatoka. Hakulia. Alimtafuta daktari wodi hadi wodi, akamkuta kwenye ngazi anakula njugu, akasimama mbele yake asipite.

"Daktari, njoo umalize ile sentensi."

"Sentensi gani, mama?"

"Uliyoianza kwa kitanda cha mume wangu."

Vitalis alikuja. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hawaruhusiwi, akaeleza taratibu. Mtu akiungua vibaya, mwili unapiga kamsa. Askari wote wa damu wanakimbilia kwenye kidonda. Hilo linapimwa, na kwa Echodu lilikuwa juu sana. Lakini kamsa ikilia siku nyingi, askari wanachoka, wengine wanakufa, na wale wa akiba hawaji. Hilo pia linapimwa, na ndilo lililoshuka. Moto ndio uliofanya. Ile siku alipoletwa alipimwa virusi kama wanavyopimwa wote. Hakuwa navyo.

Echodu alifikiri.

"Ni kama hapo Malaba," alisema, "lori likianguka na mzigo. Ploti nzima inakimbilia barabarani. Nyumba zinabaki wazi, mwizi anaingia anavyotaka."

"Hasa," daktari alisema, akafurahi. "Hasa hivyo! Na ngozi ndiyo mlango. Ndiyo maana nataka tufunge mlango Jumanne, kabla mwizi hajaingia."

"Ungesema hivyo siku ile," Asio alisema.

"Nilisema kwa Kiswahili ili muelewe."

"Tulielewa."

Daktari alitazama njugu mkononi mwake. Masikio yalimwiva.

"Basi uwaambie na wao," Asio aliendelea. "Mama yake. Kaka yake. Simama uwaambie hana."

"Siwezi, mama. Nikisema kwa huyu hana, kesho nikinyamaza kwa mwingine watu watajua anacho. Siri ni ya mgonjwa. Yeye mwenyewe anaweza kumwambia mama yake."

Wote wawili walimtazama Echodu. Echodu alikuwa anatazama dari.

"Nitamwambia," alisema. Baadaye, daktari alipoondoka, akaongeza bila kugeuka, "Uji umebaki?"

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha. Asio aliupasha moto kwa wauguzi, akamlisha wote.

Na alimwambia kweli. Benedetta alifika Ijumaa mchana bila mtoto, na Echodu hakumsubiri aketi. "Mama, sina huo ugonjwa. Daktari ameniambia. Ni moto uliopunguza kinga."

Benedetta aliingiza mkono chini ya chandarua, akampapasa paji la uso, mahali pekee pa kumshika.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Ekisa pia aliniambia hivyo."

*

Jumamosi Asio alikaa kwenye benchi la chumba cha kutolea damu tangu kilipofunguliwa. Kila mlango wa geti ukilia alisimama. Walikuja wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao, akaja mwanamume aliyekuwa anamtolea mkewe aliyejifungua. Sauti ya besi haikusikika. Alimpigia Paulinus simu ikaita mpaka ikachoka, akapiga tena ikawa imezimwa.

"Nitoe mimi," alimwambia muuguzi.

"Una mtoto anayenyonya?"

"Ninaye."

"Basi hatukutoi, dada. Utaanguka."

"Hanyonyi sasa. Amechukuliwa."

Muuguzi alitazama gauni lake, madoa mawili yaliyokauka na mengine yanayoanza. "Mwili wako haujui kama amechukuliwa," alisema.

Mchana Vitalis alipita na karatasi mpya za Yvonne. Safari hii hakusema lolote mbele ya watu. Alimwita Asio kando ya dirisha. Kipimo cha kamsa kilikuwa kimepanda tena. Kile kingine kilikuwa kimeshuka zaidi ya kule chini kilikokuwa. Kwenye bega la kushoto kulikuwa na usaha wa kijani unaonuka kama mkate mchachu.

"Bila damu siwezi kumpasua," alisema. "Nikimpasua bila damu atafia mezani. Nisipompasua, Jumanne ikipita, sijui kama nitapata siku nyingine ya kumpasua. Unanielewa?"

"Leo umesema yote," Asio alisema. "Nimeelewa."

*

Paulinus hakuwa mtu mbaya. Alilipa usafiri wa mama kutoka Amukura bila kuulizwa, na usiku ule alipotoka hospitalini alilia kwenye choo, mlango amefunga. Lakini kuna jambo alilolihofia yeye peke yake. Mtu akitoa damu, damu hiyo inapimwa kwanza. Alilifikiria siku aliyoahidi, maneno yakiwa bado mdomoni, akamfikiria na mwanamke wake mmoja wa siri wa Amagoro, aliyekufa mwaka jana akiwa mwembamba. Paulinus hakuwahi kupimwa maishani. Kwa hiyo Roselyn aliponong'ona, na mama alipokuja na mtoto na kufunga mdomo, Paulinus alihuzunika kama wengine, lakini ndani ya huzuni ile kulikuwa na mahali pa kupumzikia. Hakulazimika kueleza kwa nini hatakwenda. Wengine walimwelezea.

Jumapili, baada ya misa, kwaya ilikuwa nyumbani kwake Amukura kwa zamu yake ya kuwakaribisha. Walikuwa wameketi duara kuzunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayoongezwa maji moto kadiri inavyopungua, kila mtu na mrija wake mrefu unaoingia chunguni. Asio aliingia kwenye uwanja akiwa na vumbi la boda mpaka kwenye kope.

"Yoga noi," alisalimia.

"Yoga," wakaitikia wote, kwa sababu salamu haikataliwi.

Mrija mmoja wa ziada ulikuwa umeegemezwa ukutani. Hakuna aliyeunyanyua. Maji chunguni yalikuwa yamepungua, na Asio, kwa mazoea ya mke wa nyumba ile, alichukua birika la maji moto kwenye figa akainama kuongeza. Ndivyo alivyofanya kila mara alipokuja, tangu alipoolewa. Vivianne, mke wa Paulinus, aliinuka haraka.

"Acha tu, Asio. Umechoka na safari."

Akampokea birika. Aliweka kitambaa kwenye mkono wa birika kabla ya kulishika, ingawa halikuwa limeshika moto mahali hapo. Hakumimina. Alilipeleka nyuma ya jiko, na watu wakasikia likisuguliwa kwa majivu.

Mzee Okwakol, mwimbaji wa sauti ya tenori aliyezoea kuchekesha watu, alijaribu kuifukuza aibu kwa mlango anaoujua. "Mke wa Echodu! Leo madereva umewaacha na njaa?"

Wawili walicheka, kisha wakaona wako wawili tu.

Benedetta alikuwa kivulini mwa ghala, na Mitchelle mapajani, anampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mtoto alisikia sauti ya mama yake akaanza kurusha miguu. Asio hakumwendea. Alijua akimwendea mtoto hatasema alilokuja kusema, na lilikuwa moja tu.

"Nimekuja kwa ajili ya damu," alisema.

Mirija ilisimama.

"Daktari amepanga kumpasua Jumanne. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kutoa. Bega limeanza kuoza. Ameniambia kwa kinywa chake, bila damu hampasui, na asipompasua basi."

"Mambo ya mgonjwa ni mazito," alisema Barasa, aliyeoa huku kwao na kuimba nao. Alikuwa anatazama ndani ya chungu. "Tulizungumza kama kwaya. Si kwamba hatumpendi. Lakini mtu unajiuliza, shemeji. Ukimimina maji mazuri kwenye mtungi uliotoboka..."

"Haujatoboka."

"Sisi si madaktari."

"Hata kama ungekuwa umetoboka, Barasa. Hata kama angekuwa nao, na mimi nikawa nao, na ni mimi niliyempa. Si bado ni Echodu?"

Barasa akapangusa midomo.

"Mimi siwaombi mniamini," Asio alisema. "Semeni juu yangu mnavyotaka. Mtoto kaeni naye miezi mitatu, nitarudi nipimwe mbele yenu, mama atashika kile kipimo kwa mkono wake. Nimekubali. Birika mnalisugua, nimesikia, nimekubali. Hayo yote yana kesho. Lile la damu halina."

Kuku alipita katikati ya duara, na hakuna aliyemfukuza.

Paulinus alikuwa ameketi upande wa pili wa chungu, mrija kati ya vidole viwili. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri kwa ajili ya misa. Asio alizunguka duara mpaka akasimama mbele yake, akapiga magoti kama anavyopigiwa shemeji mkubwa. Kwa hiyo uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa Paulinus, na akauona vizuri. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kuangalia. Aliona jasho juu ya mdomo wa juu, na siku haikuwa ya joto. Aliona macho yanavyokimbilia mkono wake mwenyewe wa kushoto, pale ndani ya kiwiko ambapo sindano huingia, na kurudi. Akaelewa. Akaelewa pia kwamba akilitamka mbele ya watu hawa, Paulinus hataenda kamwe.

Akashusha sauti iwe ya wao wawili tu.

"Shemeji, wakikupima, majibu wanampa mwenyewe. Hawaiti mtu. Daktari alikataa hata kumwambia mama habari za mwanawe. Hakuna atakayejua." Akangoja. "Uliahidi wodi nzima inasikia. Anakutegemea. Kila geti likilia anauliza kama ni wewe. Kesho asubuhi, mimi nitakuwa kwenye benchi. Paulinus. Utakuja?"

Mtoto alikuwa analia sasa, na Benedetta anaimba kwa sauti ya puani ili kumfunika. Wengine walikuwa wamerudi kwenye mirija yao. Paulinus aliinama mbele, akashika mrija kwa midomo, akavuta muda mrefu, mashavu yakaingia ndani. Birika lilikuwa halijarudi, chungu kilikuwa kimekauka, na mrija ulivuta hewa tu.